Rafiki ananisubiri Livingstone, mwili wangu umegoma

KIBARAZANI KWA MAMA MDOGO

Shikamoo Mama Mdogo,

Mimi ni binti wa miaka 29, kwa sasa nipo Mbagala kwa dada yangu. Barua hii nimeiandika mara tatu nikaifuta, maana kila nikiisoma naona kama nalilia shida ya kujitakia.

Mwezi wa pili mwaka huu, mimi na rafiki yangu tuliyesoma naye chuo tuliondoka Dar kwa safari ya mwaka mzima. Si ya kazi wala ya biashara. Tulitaka kuona tu: tupite Malawi, Zambia, Zimbabwe, Botswana, mpaka Cape Town, halafu turudi kwa njia ya Msumbiji. Tuliweka akiba miaka mitatu, kila mtu 250,000 kwa mwezi. Hatukununua nguo, michango ya harusi tuliikwepa mpaka tukapewa majina. Tukafikisha milioni 18 za wote wawili. Ukizigawa kwa siku 365, kila mmoja ana 25,000 kasoro kidogo kwa siku, humo humo nauli, kulala na kula.

Mweka hazina ni yeye, na sheria ni zake: tulale panapopatikana kwa bei ya chini kabisa, na ikiwezekana tusafiri usiku ili kiti cha basi ndicho kiwe kitanda. Chumba chenye choo ndani kikizidi kile cha choo cha nje kwa elfu nane, anasema elfu nane hiyo ni kilomita za kesho. Mwanzoni nilimwona ana akili sana, kwa kweli.

Tulipanda treni ya TAZARA hadi Mbeya, kisha tukateremka hadi Kyela, tukavuka mpaka wa Malawi pale Kasumulu, tukapita Karonga na Mzuzu. Nkhata Bay tulikaa wiki mbili tukioga ziwani kila siku, na hizo ndizo siku nzuri kuliko zote. Kisha Lilongwe, halafu tukaingia Zambia: Chipata, Lusaka, Livingstone.

Mwili ulianza kuchoka mwezi wa tatu wa safari. Kwenye mabasi nilikuwa sinywi maji kabisa. Mama Mdogo, unajua mambo ya kuchimba dawa: basi linasimama porini, wanaume upande huu, wanawake upande ule, konda anapiga makofi. Nilikuwa naona aibu, hivyo nabana saa nane, saa kumi. Mkojo ukaanza kuniunguza. Nikanunua vidonge famasi, nikanywa siku mbili, nikapata nafuu, vilivyobaki nikaviweka akiba. Ukarudi. Nikanunua vingine. Mpaka leo umesharudi mara tatu, na mara mbili niliona wekundu mwishoni mwa mkojo, nikajua ni siku zangu tu.

Kunguni wametula mpaka tumezoea. Chipata nilipata malaria, Lusaka mwezi wa sita baridi ikanikuta sina hata sweta. Chakula chetu kilikuwa chai na skonzi asubuhi, chipsi usiku. Niliondoka na kilo 61, nimerudi na 52.

Jambo ambalo rafiki yangu halijui: dawa na vipimo nililipa kwa siri. Dada alikuwa ananitumia hela kwenye simu, jumla 640,000. Sikutaka nionekane nala mfuko wa wote kwa ugonjwa wangu.

Livingstone tulikwenda kuangalia maporomoko ya Victoria, nikashindwa kupanda ngazi za kurudi. Nikakaa kwenye jiwe. Akaniangalia akasema, “Wewe tangu chuo ulikuwa mtoto wa kishua.” Sikujibu. Kesho yake nikamwambia narudi nyumbani wiki mbili kusalimia. Sasa ni wiki ya tano.

Yeye bado yupo kule, anasaidia kazi kwenye saluni moja apate chakula. Anasema atanisubiri mpaka mwisho wa mwezi, baada ya hapo anaendelea peke yake. Kwenye mfuko zimebaki milioni 10 na ushee, nusu ni zangu. Mama yangu anasema dunia nimeshaiona, sasa nitafute kazi. Mimi mwenyewe usiku naota mabasi. Nirudi nikafe na tai shingoni, au nikubali kwamba sikuumbwa kwa safari za namna hii?

Msafiri aliyekwama, Mbagala

MAMA MDOGO ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Pole ya mwili kwanza, halafu pole ya lile neno uliloambiwa ukiwa umekaa kwenye jiwe. Nahisi hilo limekuuma kuliko kunguni wote wa njiani.

Nikikusoma vizuri, unaniuliza kama urudi Livingstone au ubaki. Lakini ndani ya barua yako kuna maswali mengine matatu umeyafunga kwenye khanga moja: mwili wako una nini hasa, mlikubaliana nini na mwenzako, na kwa nini unaumwa kwa siri kama mwizi. Nianze na la mwili, maana hilo halisubiri mwisho wa mwezi.

Mimi si daktari, na sitakupima kwa barua. Ila kuna mambo mawili umeyaandika mbalimbali, na mimi nayaona yamekaa jirani. Umeoga wiki mbili katika Ziwa Nyasa, na baadaye umeona wekundu mwishoni mwa mkojo. Kichocho kipo ziwa hilo, na aina ya kichocho inayokaa kwenye kibofu hujionyesha hivyo hivyo, wiki au miezi baada ya mtu kuingia majini. Inawezekana sicho. Inawezekana ni maambukizi ya mkojo yale yale, yaani UTI, au vyote viwili kwa pamoja. Lakini ukienda hospitali ukasema “nina UTI” tu, watakutibu UTI. Mwambie daktari neno ziwa. Mwambie ni lini, kwa muda gani, na kwamba tangu hapo zimepita wiki nyingi. Kwa kipimo cha mayai ya kichocho, mkojo unaofaa zaidi ni ule wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa hiyo usiamke alfajiri kukimbilia foleni na kikopo. Kikionekana, dawa yake ni praziquantel, inapatikana na inajulikana.

Kuhusu vidonge vya siku mbili: naelewa, sote tumelelewa na vidonge vya rangi mbili vya kwenye droo. Ila ukimeza antibayotiki ukaacha njiani mara tatu, unaweza kuwa umewafundisha wadudu kazi. Omba kipimo cha kuotesha mkojo, kile kinachoonyesha mdudu gani yumo na dawa gani inamuua. Majibu huchukua siku kadhaa. Na vile ulivyoviweka akiba usivinywe wala usimpe mtu. Wekundu ukiongezeka, au ukapata homa na maumivu ya kiunoni, usisubiri siku ya kliniki, nenda siku hiyo hiyo.

Na kilo tisa, mwanangu, ni nyingi. Hizo nazo mwambie daktari kama zilivyo, asije akadhani ulikuwa unafunga kula kwa ajili ya urembo.

Sasa tuingie kwenye hesabu, kwa kuwa naona ninyi ni watu wa hesabu. Umesema chumba chenye choo ndani kilizidi kwa elfu nane. Umesema pia dawa na vipimo vimekula 640,000. Gawanya. Ni usiku 80. Kwa makadirio yangu mlikuwa njiani siku kama 160, kwa hiyo hela uliyolipa kimya kimya ingewatosha kulala kwenye chumba chenye choo chake nusu ya safari nzima. Rafiki yako hajawahi kuiona hesabu hii, kwa sababu wewe umemficha nusu ya daftari. Yeye anaamini mfumo wake unafanya kazi. Kwa ushahidi alionao, ana haki ya kuamini hivyo.

Nisikudanganye kwamba choo cha ndani kingezuia kila kitu. Mbu wa Chipata haulizi umelipa chumba bei gani. Hapo kuna dhana nyingine ya kwetu, kwamba mtu wa Pwani malaria ni ndugu yake, hawezi kumfanya kitu. Kinga hiyo si kamili, na aliyekulia mjini hapa huenda anayo kidogo kuliko anavyofikiri. Neti ya mtu mmoja inakunjwa ikawa kama kitenge. Homa ikija, kipimo kwanza, halafu dawa mseto imalizwe yote kwa siku zake tatu, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, maana ndivyo inavyofyonzwa vizuri. Ukirudi nyumbani ukapata homa wiki kadhaa baadaye, bado unapaswa kusema ulitoka wapi.

La kuchimba dawa limenichekesha kidogo, samahani, kwa kuwa nimelipitia. Nilipokuwa binti nilikwenda Kigoma kwa treni ya Reli ya Kati na mama aliniwekea kapu: mayai ya kuchemsha, ndizi, chupa ya chai, na khanga ya ziada. Nikauliza ya nini, akasema utajua. Khanga ile ni choo, mwanangu. Unajifunga, unachuchumaa, dunia haioni kitu. Ni pazia, ni taulo, ni shuka. Doti moja ukiishona pande mbili inakuwa mfuko wa kulalia, na godoro la gesti halikugusi. Waliotutangulia walikuwa na neno masurufu, yaani fedha na chakula cha kumtosha msafiri njiani. Siku hizi tunaondoka na chaja tatu na khanga hakuna.

Maji usiyaache. Kunywa kidogo kidogo, ukipanda muulize konda kituo kinachofuata ni saa ngapi, na nusu ya chupa uimalize unapokaribia. Ukishuka, nenda hata kama hujisikii. Kaa siti ya korido upate kusimama na kunyoosha miguu kila baada ya saa moja au mbili, kwa sababu kukaa saa kumi na mbili bila kutikisika, huku umekauka maji, kunaweza kugandisha damu miguuni. Na ikitokea tumbo la kuendesha mbali na duka, kumbuka lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Visizidi.

Kunguni hawaleti malaria, lakini wanaleta kukosa usingizi. Kabla hujaweka begi chini, inua kona ya godoro uangalie mishono kwa tochi ya simu. Ukiwaona, ondoka hata kama umeshalipa. Nguo ulizorudi nazo zifue kwa maji ya moto kweli kweli, kabla dada yako hajaanza kujikuna na kukulaumu.

Chai na skonzi sitasema sana. Mlipita nchi ambazo nsima, yaani ugali wa kule, na mboga za majani vipo kila kona. Chigwada wa Malawi ni kisamvu, kalembula wa Zambia ni matembele yetu yale yale. Sahani ya mama ntilie wa kule, ya moto inayotoka jikoni, mara nyingi haizidi bei ya chipsi. Sijui kwa nini vijana wakiwa safarini wanakula kama watu wanaokimbizwa.

Haya, tuje kwa rafiki.

Umemwita mweka hazina, umesema sheria ni zake. Nakuuliza polepole: uliwahi kupinga hata moja? Barua yako nzima sijaona mahali ulipomwambia “leo nimechoka, tulale pazuri.” Nimeona ulipobana, ulipoficha, ulipokaa kwenye jiwe. Halafu ukamuaga kwa sababu isiyo ya kweli. Kauli yake ilikuwa mbaya, simtetei. Lakini aliisema kwa mtu ambaye machoni pake alikuwa mzima, anayechoka bila sababu. Na yeye je, anaumwa nini ambacho hujui? Mtu anayesaidia kazi saluni ya ugenini ili apate kula, huku mfuko una milioni kumi, ama ana nidhamu ya chuma, ama anaogopa kuigusa hela yako wakati haupo. Sijui ni lipi. Na uangalie hilo la kazi, kwa sababu ruhusa ya matembezi kwa kawaida haimruhusu mtu kufanya kazi, hata ya kulipwa chakula. Mwenye nchi akiuliza, safari inaweza kuishia ofisi ya uhamiaji.

Njia ulizonazo ni zaidi ya mbili.

Unaweza kurudi, kwa masharti mapya. Kwa mfano, mabasi ya usiku yabaki ya dharura, kila siku ya tatu au ya nne iwe ya kulala vizuri, na mkifika mji mkae wiki mbili badala ya siku mbili, maana nauli ndiyo inayokula, na mwenye nyumba hupunguza bei kwa anayekaa. Mfuko wa matibabu utengwe mapema, utokane na hela ya wote, asiyeumwa asilalamike. Hatari yake ni kwamba safari itafupika. Huenda Cape Town msifike. Hatari nyingine ni kukubaliana kwenye simu, halafu mkionana sheria za zamani zirudi, kwa sababu wewe una tabia ya kunyamaza. Hilo si tusi, ni jambo la kujichunga.

Unaweza kumwambia atangulie, mkutane mbele baada ya miezi miwili ukiwa umepona. Hii inakupa muda wa vipimo na wa kurudisha kilo. Lakini yeye atakuwa msichana peke yake barabarani, na kama mama yake ni kama wako, simu zitakuja kwako. Hela mgawane kabla, kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu tu.

Unaweza kufunga daftari hapo ulipo, ukachukua milioni zako tano ukaanza jambo lingine. Hakuna aibu humo. Umeshaona nchi mbili kwa miguu yako. Hatari niionayo ni kwamba utaifunga safari ukiwa mgonjwa na mwenye hasira, na maamuzi ya namna hiyo yana kawaida ya kugonga mlango mwaka ukipita. Wewe mwenyewe umesema unaota mabasi.

Na ipo ya nne ambayo hujaitaja: kusafiri ndani ya nchi kwanza, kwa safari fupi, ujue mwili wako unataka nini. Panda treni ya umeme mpaka Dodoma, lala siku tatu, rudi. Nenda Lushoto ukaonje baridi ukiwa na sweta. Rafiki yako anaweza kuliona hilo ni dogo mno, na huenda ni kweli kwake.

Mama yako anaposema dunia umeshaiona, usimbishie sana. Alikupokea umebaki mifupa. Ukimwonyesha majibu ya hospitali na mpango unaoeleweka, huenda bado akakataa, ila mtakuwa mnazungumza juu ya kitu kimoja. Na jambo dogo la karatasi: kama una kadi ya bima ya afya, ulizia kabla ya lolote kama ina nguvu ukishavuka mpaka. Cheti cha homa ya manjano ulichonacho kitunze. Chanjo hiyo sasa hudumu maisha, mtu asikuambie uchanje tena kwa sababu imepita miaka kumi.

Lile swali lako la mwisho, kama uliumbwa kwa safari za namna hii, sina jibu lake. Naona tu kwamba hujawahi kusafiri kwa namna yako. Umesafiri kwa namna ya mwenzako miezi mitano, na Nkhata Bay, mahali mlipotulia wiki mbili bila kukimbia, ndipo uliposema palikuwa pazuri kuliko kote.

Nenda hospitali wiki hii, na mkojo wako wa saa nne. Jioni mpigie rafiki yako. Mpigie kwa sauti yako, umtajie ile 640,000 kabla hujamtajia tarehe yoyote. Usikie atasema nini. Majibu ya maabara yakitoka, niandikie tena, na dada yako wa Mbagala msalimie sana.

Wako, Mama Mdogo